Kijia cha Mita Moja Kinachukua Ardhi Kiasi Gani?

Tuseme kijia cha kutembea kwa miguu kina upana wa mita moja. Kikikatiza msitu kwa kilomita moja kitakuwa kimechukua sehemu ya kumi ya hekta. Kwa hesabu ya jembe na panga, hapo tumemaliza. Lakini mnyama haishi kwenye ule udongo uliofyekwa peke yake. Anaishi mpaka pale pua, macho na masikio yake yanapofika. Ikiwa kulungu hushtuka na kukimbia mtu akiwa mita 100 kutoka alipo, basi kila upande wa kijia uongezewe mita 100, na kilomita ile ile sasa inashika hekta 20. Hiyo ni mara 200 ya kile tulichodhani tumekichukua. Chora kijia cha pili sambamba na cha kwanza, mita 200 kando yake, na katikati hapabaki hata pembe moja ambapo kulungu huyo anaweza kucheua kwa utulivu.

Ninapenda kutembea porini na sitaki watu wafungiwe nje. Nasema hivyo mapema kwa sababu mazungumzo kuhusu watembezi na wanyamapori huharibika haraka. Upande mmoja huwaona watembezi kama wavamizi, upande wa pili huona kila katazo kama uonevu, na wote wawili huishia kubishana kuhusu tabia: nani alipiga kelele, nani alitupa taka, nani alimkaribia mnyama mno apige picha. Tabia ina uzito wake. Lakini ninavyoona mimi, sehemu kubwa ya madhara huamuliwa kabla mtembezi hajafunga kamba za viatu, siku ile mtu alipokaa mezani na ramani akaamua mstari upite wapi. Mtembezi mwenye adabu zote, anayenyamaza na kubeba taka zake, akipitishwa kando ya maficho ya mnyama mwenye kitoto kichanga atafanya madhara yale yale ya kumwamsha na kumhamisha.

Kwa nini mtu asiyebeba silaha awe tishio? Mwaka 2002 wanasayansi Alejandro Frid na Lawrence Dill walieleza jambo hili vizuri: mnyama humpima binadamu kwa mizani ile ile anayompimia mnyama mla nyama. Hana muda wa kuchunguza nia yako. Akikosea kwa kukimbia bure, amepoteza mlo na nguvu kidogo. Akikosea kwa kubaki, amekufa. Basi hukimbia, na gharama ya kukimbia hulipwa kidogo kidogo: dakika za kula zilizokatishwa, kitoto kinachonyonya kilichoachwa peke yake, mayai yaliyopoa kiotani.

Hofu hiyo ina kina kuliko tunavyodhani. Katika eneo la Kruger, Afrika Kusini, watafiti walificha spika karibu na madimbwi ya maji wakawachezea wanyama sauti mbalimbali: simba wakinguruma, mbwa wakibweka, milio ya bunduki, na watu wakizungumza kwa sauti ya kawaida tu, kama wanaosimuliana habari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Wanyama walikimbia mara mbili zaidi waliposikia watu wakizungumza kuliko waliposikia simba. Kumbuka hakukuwa na mtu wala harufu ya mtu. Mazungumzo matupu yalitosha kumwondoa mnyama mwenye kiu majini.

Na si lazima akimbie ndipo tujue ameumia. Katika kisiwa cha Damas, Chile, watafiti walipima mapigo ya moyo ya pengwini wa Humboldt waliokuwa wakiatamia. Mtu aliyepita tu, umbali wa mita 150, alitosha kuupandisha moyo wa ndege, na ilichukua hadi nusu saa mapigo kurudi yalipokuwa. Jaribu kuiona picha hiyo kutoka upande wa njia. Unapita. Mbali kule kuna ndege amelala juu ya mayai, hajatikisika, hajapiga kelele. Unasema moyoni, huyu hana habari nami. Unaendelea na safari, unafika kwenye kilima kinachofuata, unakunywa maji, na moyo wake bado haujatulia. Sasa weka nyuma yako kundi la pili linalofuata baada ya dakika kumi, na la tatu baada ya kumi nyingine. Ndege huyo hapati tena saa ya mapumziko mchana kutwa. Mahali walipotembelewa mara kwa mara, mafanikio ya pengwini hao katika kulea vifaranga yalipungua.

Kwa hiyo ninapata shida na ule ushahidi wa macho tunaoutegemea sana: "Mbona hawakimbii? Wameshazoea." Wapo wanaozoea kweli, na kuna wanyama wawindwao ambao hujisogeza karibu na watu kwa sababu dubu na mbwa mwitu huwakwepa watu. Lakini kutokukimbia kuna sababu nyingine, na moja ilinifanya nibadilishe namna ninavyotazama porini. Watafiti Colin Beale na Patricia Monaghan walichukua ndege wadogo wa ufukweni, wale wanaopindua mawe kutafuta wadudu, wakawapa baadhi yao chakula cha ziada kwa siku chache kisha wakawakaribia. Walioshiba ndio waliokimbia mapema na kwenda mbali. Wenye njaa walibaki. Walibaki kwa sababu hawakuwa na akiba ya kuwaruhusu kuondoka. Basi yule mnyama unayemwona ametulia karibu na njia huenda ndiye aliyebanwa kuliko wote, hana pengine pa kula, na sisi tunamhesabu kuwa ndiye asiyesumbuka. Na wale waoga zaidi huwaoni kabisa. Walihama zamani, kabla hujaanza kuwahesabu waliobaki.

Watembezi wenyewe hawajui haya, na siwalaumu. Katika Kisiwa cha Antelope, jimbo la Utah nchini Marekani, Audrey Taylor na Richard Knight waliwapima baisani (nyati wa Amerika), kulungu na swala wa nyanda zile, kisha wakawauliza wageni maoni yao. Kulungu waliokuwa ndani ya mita 100 kutoka njiani walikuwa na uwezekano wa asilimia 70 wa kukimbia mtu akipita. Lakini karibu nusu ya wageni walisema matembezi hayawadhuru wanyama, na umbali waliodhani ni salama kumsogelea mnyama ulikuwa mfupi sana kuliko ule ambao mnyama mwenyewe angeuvumilia. Kuna pengo kati ya kile mtu anachohisi na kile kinachotokea upande wa pili wa kichaka, na pengo hilo halizibwi na ubao wenye maandishi "Tafadhali heshimu wanyama."

Tunapenda pia kuamini kwamba mguu ni mpole na mashine ndiyo mbaya. Katika mbuga ya Canyonlands, Utah, kondoo mwitu wa jangwani walikimbia asilimia 61 ya mara walizokutana na watembezi wa miguu. Kwa magari ilikuwa asilimia 17, na kwa waendesha baiskeli za milimani asilimia 6. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilidhani namba zimepinduliwa. Maelezo yake ni rahisi: gari na baiskeli zilifuata barabara ile ile kila siku, kondoo wakaijua na kujipanga nayo. Mtembezi aliacha njia, akatokeza nyuma ya jabali, mara nyingine akawaelekea moja kwa moja. Kinachomwogopesha mnyama kuliko vyote ni mtu asiyetabirika.

Shikilia neno hilo, kwa kuwa ndilo linalonifanya nitetee njia badala ya kuzilaani. Mnyama anaweza kuusoma mstari. Anaweza kujifunza kwamba watu hupita hapa, mchana, wakielekea kule, na kamwe hawatoki. Hawezi kujifunza watu waliotapakaa kila mahali. Kijia rasmi kilichopangwa vizuri ni chombo cha hifadhi: kinawakusanya watu mia kwenye ukanda mmoja ili mabonde matano mengine yabaki kimya. Maangamizi yako kwenye njia za panya, zile zinazochipuka pembeni kwa sababu mtu alitaka kuona maporomoko kwa karibu, mwingine akafuata nyayo zake, wa tatu akairekodi safari yake kwenye simu na kuirusha mtandaoni. Kwenye programu ya ramani, mchirizi huo wa nyayo unaonekana sawa na njia iliyopimwa na kuidhinishwa, na mgeni anayekuja kesho atauamini.

Nina kisa kimoja ambacho kila mpangaji wa hifadhi angepaswa kukijua kwa moyo. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, Steven Garber na Joanna Burger waliwafuatilia kwa miaka 20 kobe wa msituni waliokuwa katika makundi mawili, ndani ya eneo lililofungwa kwa umma kwa ajili ya kulinda chanzo cha maji. Kobe hawa wanaishi miaka mingi na huchelewa sana kuanza kuzaa. Muda wote eneo lilipokuwa limefungwa idadi yao ilikuwa imara. Mwaka 1983 likafunguliwa kwa watembezi na wavuvi wenye vibali. Hewa ilibaki ile ile, maji yale yale, msitu ukubwa ule ule. Ndani ya miaka 10 kobe wote walitoweka. Wote, makundi yote mawili.

Hakuna aliyeingia mle kuwaua. Soma orodha ya yale watafiti waliyoyashuku, utaona ni mambo madogo ya siku ya mapumziko: mtoto anamwona kobe, anaomba aende naye nyumbani, mbwa anamchezea mwingine mdomoni, mtu anamwinua, anamgeuza, anamweka mahali tofauti, gari linamkanyaga kwenye barabara ya kuingilia. Kwa mnyama anayezaa haraka hasara hizo zingefidiwa msimu ujao. Kwa kobe anayehitaji zaidi ya mwongo mmoja kukomaa, kupoteza majike wachache wazima kila mwaka ni kama kuvuja kwa mtungi usio na mtu wa kuujaza. Basi swali la kwanza kabla ya kuchora njia liwe hili: nani anaishi hapa, na anazaa kwa kasi gani? Sungura na kobe hawawezi kuwekewa kanuni moja.

Ukubwa wa tatizo umepimwa. Mwaka 2016 Courtney Larson na wenzake walikusanya tafiti 274 kuhusu burudani za nje na wanyama: zaidi ya asilimia 93 ya tafiti hizo zilikuta angalau athari moja, na asilimia 59 ya athari zilikuwa mbaya. Kaskazini mwa California, Sarah Reed na Adina Merenlender walilinganisha hifadhi 28, zinazoruhusu watembezi na zisizoruhusu zikiwa jirani. Palipokuwa na watembezi, msongamano wa wanyama wala nyama wa asili kama koyoti (jamii ya mbwa mwitu) na paka mwitu ulikuwa umeshuka mara tano. Hizo ni hifadhi, zimehesabiwa kwenye takwimu za ardhi iliyolindwa. Kwenye karatasi ziko sawa na jirani zake.

Ndege nao hujigawa. Karibu na Boulder, Colorado, ndege wanaoweza kuishi popote waliongezeka kando ya njia, na wale wanaohitaji mazingira maalumu walipungua, athari ikifika mita 75 hivi kutoka kijiani. Viota vilivyokuwa karibu na njia viliporwa zaidi. Kwa hiyo mtembezi husikia ndege wakiimba pande zote na kuamini msitu uko salama, ilhali anaosikia ni wale wale anaoweza kuwasikia mahali pengine popote.

Wengine hawahami mahali, wanahama saa. Uchambuzi wa Kaitlyn Gaynor na wenzake wa mwaka 2018, uliohusu spishi 62 za mamalia katika mabara sita, ulionyesha kuwa wanyama wamesogeza shughuli zao usiku kwa kuwakwepa watu, na walifanya hivyo kwa mtembezi asiyedhuru sawasawa na walivyofanya kwa mwindaji. Usiku ndio ukumbi wa mwisho waliobakiwa nao. Nasikitika ninapoona matembezi ya usiku kwa taa za kichwani yakitangazwa kama fursa mpya ya utalii katika hifadhi ambazo tayari zimejaa mchana. Hapo ningekuwa mkali bila kusita: jua likizama, njia ifungwe.

Kuhusu mbwa, najua nagusa penye maumivu. Mtu na mbwa wake hawatenganishwi kirahisi, na wengi wa watu wangu wa karibu hutembea nao. Lakini mwaka 2007 Peter Banks na Jessica Bryant walipima misitu ya viungani mwa Sydney wakakuta kuwa kumpitisha mbwa kulipunguza aina za ndege kwa asilimia 35 na idadi yao kwa asilimia 41. Mbwa hao walikuwa wamefungwa kamba. Na hata mahali ambapo mbwa walipitishwa kila siku ndege hawakuwa wamezoea. Kamba basi ni lazima ila haitoshi, na sehemu zenye viota vya chini zinahitaji kuwa na njia ambazo mbwa hapiti kabisa.

Sasa tufanye nini? Sina imani na orodha ndefu za maadili ya mtembezi. Nina imani na mambo yanayoamuliwa mara moja na kubaki yameamuliwa. Njia ipite ukingoni mwa makazi na isiyapasue katikati. Iukwepe ukingo wa mto kwa sehemu kubwa, na ikaguse maji mahali pamoja palipochaguliwa. Isipande juu ya mgongo wa kilima, kwa sababu wanyama wengi wa milimani huogopa zaidi kinachotokea juu yao. Njia zikusanywe pamoja, na bonde moja zima liachwe bila hata kijia, wala cha watafiti wala cha wapiga picha wenye vibali maalumu. Bonde hilo liandikwe kwenye mpango kama mali, lenye ukubwa unaotajwa kwa hekta. Lisipoandikwa, kila mwaka litaonekana kama nafasi tupu inayosubiri mradi.

Kisha kuna majira. Katika Hifadhi ya Taifa ya Acadia, jimbo la Maine, njia maarufu ya Precipice inayopanda ukuta wa mwamba hufungwa tangu mwanzo wa msimu wa kuzaliana kwa sababu ndege aina ya kozi hutaga kwenye vishubaka vya mwamba ule ule. Makinda yakisharuka, watu wanarudishiwa njia. Katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, Marekani, maeneo kadhaa yamekuwa yakifungwa kwa misimu tangu miaka ya 1980 ili dubu wale bila kusumbuliwa. Huu ni utaratibu ninaoupenda kwa sababu hauombi mtu aache kupenda mlima. Unamwomba asubiri. Mnyama huhitaji ukimya wetu zaidi kwa wiki chache: anapojenga kiota, anapozaa, na anapopita kipindi cha njaa. Ila kufungwa kuwe kwa wote. Ukimzuia mtembezi wa miguu na kuliruhusu gari la wageni wenye fedha lipite palepale, umeua heshima ya katazo hilo, na kesho hakuna atakayelitii.

Najua hoja ya upande wa pili, na naiheshimu: watu hulinda wanachokijua, na mtoto ambaye hajawahi kuingia msituni hatautetea akiwa mtu mzima. Ni kweli. Lakini mtoto huyo hahitaji kila msitu. Anahitaji njia moja nzuri, inayofikika, iliyo karibu na anapoishi, na huko ndiko fedha za njia mpya zingepaswa kwenda kwanza, kwenye ardhi ambayo tayari imezoea watu. Tunajenga vijia mbali, kwenye vipande vya mwisho vya pori lililotulia, kisha tunaita hilo elimu ya mazingira.

Kinachonipa moyo ni kwamba madhara haya, tofauti na bwawa au barabara ya lami, mara nyingi hurudi nyuma. Katika milima ya Colorado watafiti walifanya jambo gumu: waliwatuma watu wawasogelee kwa makusudi majike wa elki, kulungu wakubwa wa huko, msimu wa kuzaa, mara kwa mara, mpaka wahame. Idadi ya ndama kwa kila jike ilishuka, na kwa makadirio yao usumbufu wa mara 10 kwa kila jike ulitosha kuzuia kundi zima lisiongezeke. Kisha watu waliacha kwenda. Hawakupanda miti wala kuleta chakula. Waliondoka tu, na ndama wakaanza kuongezeka tena. Nchini Norway, katika milima ya Rondane, njia na banda la wageni vilihamishwa kutoka kwenye malisho ya reinidia mwitu, kulungu wa nchi za baridi. Wanyama hao, wenye woga mwingi, walirudi kwenye ardhi waliyokuwa wameikimbia kwa miaka.